Mdogo wangu, shikamoo ile hukuiitikia

Mdogo wangu,

Nimekupigia tangu mwezi wa kumi na mbili, hupokei. Nikimtuma wifi, anarudi na jibu kwamba hutaki kusikia habari zangu. Basi naandika hapa, na wasome wengine pia, maana najua wamo wazazi wenzio.

Jambo ni la mwalimu.

Nilipanda Newala Oktoba ile kukusaidia kuokota korosho, wala sikuja kwa shari. Asubuhi ile ulishika daftari la hesabu la mtoto, kurasa zake zina madoa ya mabibo yasiyotoka, na chini mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Mzazi afike shuleni." Ulisoma, ukavaa kofia. Nikakufuata.

Mwalimu alikuwa chini ya mwembe anasahihisha. Binti mdogo, ametoka mkoa wa mbali, hajamaliza hata miaka miwili huku kwetu. Alipokuona aliweka kalamu, akasimama, akapiga goti kidogo: "Shikamoo, baba." Hukuitikia. Alitaka kukueleza kwamba mtoto hajaonekana darasani siku kumi na moja, na upimaji wa taifa wa darasa la nne uko wiki inayofuata. Hukumpa nafasi. Ulimwambia mbele ya wanafunzi, "Wewe hujazaa, utanifundisha mimi kulea?" Mwanao alikuwa pale pale, anavitazama vidole vyake vilivyobabuka kwa utomvu wa korosho.

Nakujua huna roho mbaya. Baba alipougua ulimbeba mgongoni mpaka barabarani, sijasahau. Ndiyo maana nashindwa kuelewa.

Mwaka 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kilo na malipo yakachelewa, ulikuwa unakwenda chama cha msingi cha ushirika kila siku. Karani ulimwamkia vizuri, ukakaa kwenye benchi, ukauliza kilo zako gunia kwa gunia, kesho yake ukarudi tena. Shuleni kwa mtoto ulikwenda mara ngapi? Siku ya kuandikisha, na siku ya kugomba. Namba ya mwalimu umeihifadhi kwenye simu kwa jina la "Michango", wifi alinionyesha.

Hapo kwenye michango sikulaumu sana. Elimu bila malipo ipo tangu 2016, lakini simu ya shule ikilia mzazi anajua ni hela ya uji au ya mlinzi. Mtoto akifanya vizuri mwaka mzima hakuna anayekupigia kukwambia. Hilo ni kosa la walimu, na nilimwambia yule binti hivyo hivyo, akakubali. Lakini na wewe ungeanza. Mwezi wa kwanza tu, kabla hakijaharibika kitu, unafika, unasema mimi ndiye baba wa fulani, msimu wa korosho huwa tunabanwa, mtoto akikosekana nijulishe. Dakika tano. Kama uliskia kachapwa, ungeuliza kwa mwalimu mkuu: kiboko kina kanuni zake, hakizidi vinne, na lazima kiandikwe kwenye daftari maalumu. Ungeomba ulione. Hukuomba, kwa sababu hukwenda kuuliza, ulikwenda kumaliza hasira.

Unasema nilikuzunguka. Mwalimu alinipigia mimi kwa kuwa simu zake hupokei na wifi hana simu. Namba yangu alipewa na mtoto, ndiyo anayoijua kwa kichwa tangu alipokaa kwangu Mikindani darasa la kwanza na la pili. Alinipigia mara tatu mwezi wa tisa. Kila mara nikajibu, "Nitamwambia baba yake." Sikukwambia. Ulikuwa na deni la salfa, dawa ya mikorosho, ulikuwa hulali, nikaona nisikuongezee. Ningefanyaje? Nilidhani nikija mwenyewe tutazungumza vizuri. Nilichelewa, nakubali, lakini nia yangu ilikuwa kukupunguzia mzigo. Na ule ujumbe wa kuomba radhi niliomtumia usiku ule kwa jina lako, nisingeutuma nani angeutuma?

Neno lile, mdogo wangu, ulimwambia yeye, mimi nimesimama nyuma yako. Hujazaa. Unajua nimekaa na ndoa miaka mingapi. Mwanao nilimfundisha kuandika jina lake kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko langu, mpaka leo lipo, sijapaka chokaa. Akiugua homa usiku nilikuwa naye mimi. Sikulea?

Hukugeuka hata kunitazama.

Matokeo yametoka, mtoto anarudia darasa la nne. Mwalimu ni yule yule, hakuomba uhamisho. Juzi nilimpigia kumuuliza kama ukifika atakupokea. Akasema, "Nitamwamkia, shangazi. Ni baba yangu yule."

Shule imefunguliwa. Nenda asubuhi kabla ya kengele, vua kofia, na akikuamkia, itikia.