Mwanangu, Nilikosea Kukuambia Ufiche

Magu, Jumapili jioni

Mama yangu mdogo,

Marahaba. Sauti yako ya juzi niliisikia ina nguvu, nikamwambia mama yako, "Leo amekula huyu." Nimefunga cherehani mapema, nimekaa mezani, naandika. Kwenye simu siwezi kuyasema haya. Mteja akiingia nakatisha, na wewe ukishaniambia "niko poa baba", nami nanyamaza. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho.

Nianze na usiku ule. Saa nane kasoro simu yangu iliita, nikaona jina lako, nikapokea. Sauti haikuwa yako. "Shikamoo baba, mimi nakaa chumba kimoja na mwanao. Analia mifupa, hataki kuguswa, hatujui ana nini."

Hatujui ana nini. Mwaka wa pili huu mnalala chumba kimoja, mnakula sahani moja, mnaazimana kanga, na yule binti wa Kipemba hakujua kwamba una selimundu, huu ugonjwa wa damu wa kurithi. Nikamwambia, "Ana sikoseli huyo, tangu kuzaliwa." Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa baba, nianze na nini?" Hakuuliza inaambukiza au la. Hakuuliza utapona lini. Alitaka kazi ya kufanya.

Nilimwambia akunyweshe maji, akufunike, atafute dawa zako za maumivu, kisha atafute gari. Dawa zilikuwa ndani ya soksi, soksi ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko chini ya sanduku. Alizitafuta karibu nusu saa, nami nikiwa kwenye laini namsikia akifungua na kufunga, na wewe nakusikia ukiuma shuka. Ulizificha vizuri mno, mwanangu. Aliyekufundisha kuficha ni mimi.

Sijui kama unaikumbuka ile siku stendi, nakupeleka kidato cha kwanza. Ulikuwa na sanduku la bati lenye jina lako kwa rangi nyeupe. Nilikuvuta pembeni nikakwambia, "Usimwambie mtu. Watakuita mgonjwa, na kesho na keshokutwa watasema huyu haolewi." Ukaitikia "ndiyo baba", na ukatii miaka yote hii. Nilidhani nakukinga. Ukweli ni kwamba aibu ilikuwa yangu, nikakubebesha wewe ukiwa na miaka kumi na tatu. Leo nayarudisha maneno yale.

Acha nikueleze aibu hiyo ilitoka wapi, maana sijawahi kukusimulia yote. Ulikuwa na miezi tisa. Vidole vyako vya mikono na miguu vilivimba vikawa kama ndizi mbivu, vinang'aa, ukawa unalia hata upepo ukikugusa. Wazee wakasema umerogwa. Tukakupeleka ukachanjwa chale, zile alama ndogo juu ya kiwiko, na ng'ombe mmoja akauzwa. Vidole vikapona, baada ya wiki vikavimba tena. Nikaanza kusema kwamba mkosi huu umetoka kwa wakwe. Nilimsema mama yako na kwao miezi mingi, naye alikuwa anakubeba mgongoni na kunyamaza.

Nesi mmoja kliniki ndiye aliyekutazama macho, yakiwa na umanjano, akasema, "Mpelekeni akapimwe damu." Tukaenda Hospitali ya Bugando, Mwanza. Ukakutwa na selimundu. Kisha wakatupima na sisi, na mimi na mama yako tukakutwa wote tumebeba asili ya ugonjwa huo bila kuumwa.

Mimi ni fundi, nikalielewa kwa uzi. Kila mtu amepewa nyuzi mbili za kushonea damu yake, mmoja wa baba, mmoja wa mama. Mimi nina mmoja mzima na mmoja uliopinda. Mama yako vivyo hivyo. Ule mzima unatosha, ndiyo maana hatujawahi kuumwa hata siku moja na hatukujua. Lakini kila mimba, mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata nyuzi mbili zilizopinda. Kaka yako alipata nyuzi nzima zote mbili. Wewe ulipata mmoja uliopinda kwangu na mmoja uliopinda kwa mama yako. Nusu kwa nusu, hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole. Sikumwomba mama yako radhi siku ile. Nilimwomba mwaka juzi, usiku wa matokeo yako ya kidato cha sita. Aliniangalia muda mrefu, akasema chai inapoa.

Na lile neno laana lisikusumbue tena. Daktari wa kliniki aliwahi kunieleza habari za daktari mmoja, Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Alizunguka Afrika Mashariki akipima damu za watu, akaona kwamba uzi huu uliopinda umejaa pwani na huku kwetu ziwani, kule kwenye malaria nyingi, na milimani kwenye baridi ni mchache. Mwaka 1954 akaandika kwamba mwenye uzi mmoja uliopinda anapata kinga dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo mababu zetu wa ziwani waliishi, wakazaa, kwa sababu ya uzi huu huu. Wewe mwenye nyuzi mbili kinga hiyo huna, na malaria kwako ni hatari kuliko kwa mwingine, basi chandarua usikiache hata kama huko chuoni Dodoma mbu ni wachache.

Kuna habari nyingine alinisimulia, na hii ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Mwaka 1904 kijana mmoja wa visiwa vya Karibi, kutoka Grenada, alisafiri kwa meli mpaka Marekani, akaenda Chicago kusomea udaktari wa meno. Aliitwa Walter Clement Noel. Fikiria mtoto wa kisiwa cha joto anaingia baridi ya Chicago. Hata mwaka haukuisha akalazwa. Daktari mwanafunzi aliyeitwa Ernest Irons akaitazama damu yake kwa hadubini, akaona chembe nyembamba, ndefu, zimepinda. Mkubwa wake, Daktari James Herrick, akaifuatilia kesi hiyo na mwaka 1910 akaiandika: chembe zenye umbo la mundu. Jina la ugonjwa wako limeanzia hapo. Yaani mgonjwa wa kwanza wa selimundu kuandikwa katika jarida la kidaktari alikuwa mwanafunzi wa chuo kama wewe, mbali na kwao, analazwa na kutoka, analazwa na kutoka. Herrick hata jina lake hakulitaja.

Yule kijana hakuwa na dawa hata moja ya ugonjwa wake, wala hapakuwa na mtu duniani wa kumwambia anaumwa nini. Mwaka 1907 alimaliza. Akarudi Grenada, akafungua chumba chake cha kung'oa na kuziba meno mjini St. George's. Sikufichi, alifariki mwaka 1916 kwa nimonia, akiwa na miaka thelathini na miwili. Penisilini iligunduliwa 1928. Wewe penisilini umekunywa tangu utotoni, haidroksiyurea, zile kapsuli zako, unayo, kliniki unayo. Alichokuwa nacho yeye na wewe huna ni kimoja: waliokuwa karibu naye walijua kwamba anaumwa.

Basi waambie. Anza na huyo binti wa Kipemba, mwambie yote, mwonyeshe dawa zinakaa wapi, na zikae juu ya meza. Mwambie kwamba ukipata homa ni hospitali siku hiyo hiyo, na kifua kikibana au pumzi ikiwa fupi msisubiri kukuche. Mwambie asikuwekee barafu hata siku moja, akukande kwa maji ya moto. Kisha mwambie kiongozi wa darasa lenu. Kisha nenda kwa mshauri wa wanafunzi na barua ya daktari, uende sasa ukiwa mzima, barua iingie kwenye faili lako. Ile testi uliyoikosa umeambiwa karatasi ya hospitali imechelewa, na nimeumia sana, maana hakuna anayejua atazidiwa siku gani. Lakini mtu hawezi kukusubiri kama hajui kwamba unakuja. Wakikupa mtihani maalumu, ufanye. Ikibidi kuahirisha mwaka, ahirisha. Mimi sitauliza wenzako wamemaliza lini. Naogopa zaidi ulale macho ukikimbia sapu, huo mtihani wa marudio, kuliko niogopavyo hiyo sapu.

Nawe unajua mwenyewe namna ulivyo. Chembe za damu za mwenzako zinaishi siku 120, zako zinaishi siku kumi mpaka ishirini. Kipimo cha wingi wa damu yako kinacheza kwenye saba, nane, wakati mwenzako ana kumi na mbili. Ukipanda kilima cha kwenda darasani ukahema, huo si uvivu, na asikuite mvivu mtu, hata wewe usijiite.

Kuna jambo limenikosesha usingizi. Daktari amesema kipimo chako kinaonyesha uliacha kapsuli. Ukamwambia bumu, hiyo hela ya mkopo wa chuo, lilichelewa, ukaona upate chakula kwanza. Mwanangu, miezi miwili! Ile dawa inaamsha damu ile ya kitoto uliyozaliwa nayo, ambayo haipindi, na inaamka kwa kunywewa kila siku. Ukiacha, inarudi kulala. Mimi naweza kushona sare za shule usiku kucha nikapata hela ya kapsuli. Kitu nisichoweza ni kununua ule usiku usiwepo. Nitumie ujumbe, hata wa neno moja, "dawa", nitaelewa. Na siku za kupima damu usizikose, maana dawa yenyewe inataka kuangaliwa.

Kaka yako ameanza kusema kwamba anataka apimwe uloto, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, aone kama unalingana na wako. Hapo hapo Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, wameshapandikiza watoto wenye selimundu. Hatujui kama kwa umri wako inafaa, ni la kuulizwa kliniki, sitaki uning'inie kwenye tumaini hilo na kuacha kapsuli. Nimekuandikia tu ujue kwamba alilisema yeye mwenyewe, hakuna aliyemtuma.

Mambo ya uchumba ni ya shangazi yako, naye atakupigia. Mimi nina moja tu. Kijana yeyote akija, akapime kwanza hizo nyuzi zake, kabla moyo haujaenda mbali. Ukimwambia ukweli akakimbia, mwache akimbie. Nilichokisema stendi, kwamba ukijulikana hutaolewa, nilikisema kwa woga.

Sasa mzigo. Nimempa kondakta wa basi la Jumatano, namba yake nitakutumia. Kuna koti nimekushonea mwenyewe, maana huo upepo wenu wa mwezi wa sita naujua. Ndani nimeweka kitambaa kizito, mikono ndefu ifunike viganja. Maktaba wakiwasha kiyoyozi usilivue. Upande wa kushoto kwa ndani kuna mfuko wenye zipu. Humo weka karatasi ya daktari na dozi ya siku moja. Juu ya mfuko, kwa uzi mwekundu, nimeshona neno SELIMUNDU, herufi kubwa. Mama yako aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia ninao. Nilirudia herufi ya S mara mbili, mkono ulikuwa unatetemeka.

Chini ya koti kuna chupa ya maji ya lita moja na nusu, uimalize mara mbili kwa siku, na michembe, viazi vitamu vya kukausha, na karanga. Mfuko wenye fundo la bluu ni wa mwenzako. Mwambie michembe inachemshwa na karanga zilizotwangwa, kama hajawahi kula umpikie. Na mpe simu siku moja nikiwa nimetulia, nimshukuru vizuri, usiku ule nilikata simu bila hata kumwuliza jina.

Baba yako