Barua ya wazi kwa vijana mnaotafsiri habari za majeshi

Wanangu, hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu. Kila ikitoka habari ya jeshi la anga la Uingereza, Nigeria, India au Zimbabwe nakuta mmeandika "Makamu Mkuu wa Jeshi la Anga", nikiangalia habari ya mwanzo kumbe jamaa ni Eya Vaisi Marshali, ile mnayoiona imefupishwa AVM (kwa Kiingereza Air Vice-Marshal, na hiyo "vice" ndiyo mnayoigeuza kuwa makamu), wala hana mtu anayemkaimu. Hicho ni cheo kamili, anatembea nacho mabegani hata wakimpa kazi ya kusimamia chuo.

Chukueni 1940, Wajerumani wanaishambulia Uingereza kwa ndege. Aliyelinda anga la London na kusini mashariki ni Keith Park, mzaliwa wa New Zealand, AVM, na Kundi namba 11 la ndege za kivita lilikuwa chini yake, yeye ndo kamanda. Leigh-Mallory wa Kundi namba 12 naye AVM. Juu yao wote yuko Dowding, mkuu wa ndege za kivita za Uingereza, Eya Chifu Marshali. Sasa ukiniandikia Park alikuwa makamu, makamu wa nani?

Mbona Luteni Jenerali hamumuiti luteni wa jenerali? Tena luteni ni mdogo kwa meja, ila Luteni Jenerali anamzidi Meja Jenerali, na hilo mnalijua vizuri kabisa. Basi na huku ni hivyo hivyo.

Haya majina Waingereza waliyaanza 1919, kabla ya hapo jeshi lao la anga lilikuwa linatumia vyeo vya nchi kavu. Eya Komodoo ni sawa na brigedia, AVM ni Meja Jenerali, Eya Marshali ni Luteni Jenerali, Eya Chifu Marshali ni Jenerali. Ila angalieni sana wanamaji, maana kwa zile nyota zinazotumika kulinganisha ngazi za wakubwa wa majeshi, vaisi admirali wao ana nyota 3 na AVM ana 2, hapo hata waandishi wazoefu wanateleza.

Naelewa kinachowachanganya, sisi Kenya na Tanzania marubani wetu wanabeba vyeo vya nchi kavu. Marehemu Francis Ogolla alikuwa rubani wa ndege za kivita, akaliongoza jeshi la anga la Kenya akiwa Meja Jenerali, akafariki 2024 akiwa Jenerali. Ile Meja Jenerali yake, kwa Zimbabwe ingeitwa AVM.

Kwa hiyo naomba muandike cheo kama kilivyo halafu muongeze "sawa na Meja Jenerali", msomaji atawaelewa. Msikate mkabakiza "Marshali" peke yake, hiyo ni ngazi ya nyota 5, India nzima jeshi lao la anga limempa mtu mmoja tu, Arjan Singh, mwaka 2002. Na kama huyo AVM kweli ni naibu kamanda, andikeni vyote viwili, cheo chake kwanza halafu kazi yake.

Mzee wenu.