Barua kwa binti yangu: ukuta usikatwe wewe ukiwa safarini

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hatujambo, goti la mama yako limetulia kidogo, na mdogo wako bado anarudi usiku. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza, mimi napandisha sauti, tunaagana hatujasema kitu.

Habari za mlango unaotaka kuuweka mahali pa dirisha la chumba cha kufulia nilizipata kwa dada yako. Nyumba ni yako, hakuna aliyekushika mkono ulipoinunua, na mpaka leo nikimsimulia mtu jambo hilo kifua kinanijaa. Lakini mimi baba yako ningependa kusikia kabla fundi hajapewa malipo ya awali. Hata hivyo kilichoninyima usingizi si hicho. Ni kwamba Jumapili unaondoka, utakaa huko wiki tatu, na funguo umemwachia fundi avunje dirisha la chumba cha kufulia wewe hupo. Mwanangu, asivunje. Mwambie angoje urudi.

Kuhusu mlango wenyewe, sikupingi. Kikapu cha nguo mbichi ni kizito, na sasa hivi unakibeba unapita nacho jikoni, unazunguka nyumba nzima ndipo ufike kwenye kamba, maji yanadondoka njia nzima. Ukiwa na mlango pale, ni hatua tatu umefika. Ningekuwa mimi, ningeuweka. Swali langu ni upana, na ni nani atakuwa amesimama pale siku ukuta unapokatwa.

Ile ramani uliyochora kwa mkono dada yako alinitumia. Umeichora vizuri, vipimo vyote umeandika, hata unene wa plasta. Dirisha lina sentimita 120. Mlango wa kawaida na fremu yake ni kama 90. Kwa hiyo nafasi unayo tayari na inabaki, na sentimita 30 za pembeni unaweza kuzijenga kwa tofali au ukaacha kioo chembamba kisichofunguka, mwanga usipotee. Sasa huyu fundi anataka 150 za nini? Mlango wa vioo wa kusukuma kando unapendeza, najua, lakini mashine yako ina upana wa sentimita 60. Inapita kwenye mlango wa 90 bila kugusa pembe.

Nakuomba unielewe hapa. Juu ya dirisha lile kuna linta, ile boriti iliyolala juu ya uwazi, na ndiyo inayobeba tofali za juu yake. Ukishusha uwazi kwenda chini, ukatoa tofali zilizo chini ya dirisha tu, linta haijui kama umefanya kitu, kwa sababu zile za chini hazibebi mzigo wake. Lakini ukipanua kwenda pembeni unakata mahali pale pale linta ilipolalia. Hapo inatakiwa linta mpya, ndefu zaidi, iingie ndani ya ukuta si chini ya sentimita 15 kila upande, na kabla ya kugusa tofali hata moja ukuta wa juu uwe umeshikiliwa na nguzo. Zege likimwagwa pale pale, nguvu yake kamili huhesabiwa siku ya 28. Wewe unarudi siku ya 21. Nguzo atakuwa ameshaziondoa, plasta imeshapigwa, rangi imekauka, na utapokelewa na mlango mzuri, wewe usijue nini kimefichwa ndani.

Halafu kuna jambo ambalo huenda hujaliona. Picha uliyompigia dada yako niliikuza kwenye simu. Kwenye kona ya juu ya dirisha, upande wa kushoto, kuna ufa mwembamba kama unywele unapanda kwa mshazari. Inawezekana ni plasta tu. Inawezekana linta ya sasa imeshachoka. Siwezi kusema kwa picha, na fundi naye asiseme kwa kuangalia tu. Mlete mhandisi wa majengo aangalie kwa dakika kumi, umlipe haki yake, akuandikie upana unaokubalika. Na ulizia kama kibali kinahitajika kwenu kwa kubadilisha ukuta wa nje, kwa sababu sehemu nyingi kinahitajika.

Ufa wa namna hiyo naujua. Unalikumbuka lile kabati la ukumbini ambalo sikutaka lisogezwe, hata mama yako alipotaka kupiga rangi. Wiki iliyopita, baada ya habari zako, nililisogeza. Ufa nilioufunika wakati ule nilipopanua uwazi wa kuingilia jikoni umefika kwenye dari. Nilikuwa nimekata mwenyewe, Jumamosi moja, bila nguzo, kwa sababu niliambiwa itachukua siku mbili na mimi nilitaka imalizike siku moja. Sarafu inaingia mle ndani kwa ubavu. Mama yako alikuja akasimama, akautazama, hakusema neno. Akachukua ufagio akafagia vumbi lililokuwa nyuma ya kabati. Mhandisi anakuja kwetu Alhamisi.

Basi, tuendelee. Chini ya dirisha lako ndipo kuna bomba la mashine, si ndiyo? Kwenye picha naona koki na alama ya unyevu kulia kwake, rangi imevimba. Mabomba yanayopita ndani ya ule ukuta yahamishwe kwanza na fundi bomba, si siku ile ile mwashi ameshika tindo. Waya vilevile. Chini ya soketi na juu yake usiamini ukuta. Na ule unyevu utafutwe unakotoka kabla hujaufunika na mlango.

Kizingiti ndicho watu wengi wanakosea. Ukikata ukuta mpaka chini, unakata na ile tabaka ya kuzuia unyevu usipande kutoka kwenye msingi. Lazima iunganishwe tena chini ya kizingiti, la sivyo sakafu ya pale italia maji kila masika. Nje, ardhi iwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 au zaidi, na uweke kibaraza kidogo chenye mteremko wa kwenda mbali na nyumba. Kibaraza kabla ya ngazi, mwanangu. Mtu aliyekumbatia kikapu haoni miguu yake. Akifungua mlango akakuta ngazi papo hapo ataanguka.

Mlango ufunguke kwenda wapi? Ndani utagonga mashine, nimepima kwenye ramani yako. Nje basi. Lakini ukifunguka nje bawaba zinabaki nje, kwa hiyo chukua zile ambazo pini yake haitoki, na uweke kofia juu ya mlango mvua isiupige. Komeo liwe juu na chini. Ule ni mlango wa nyuma, hakuna jirani anayeuona, na wewe unalala peke yako.

Hewa pia. Dirisha likiondoka, mvuke wa nguo unatokea wapi? Chumba kile ni kidogo, ukungu utaota kwenye dari ndani ya msimu mmoja. Weka kidirisha juu ya mlango kinachofunguka, au mlango wenyewe uwe na kioo cha juu kinachofunguka peke yake, chenye wavu. Nilisahau kusema: pima urefu kutoka sakafuni mpaka chini ya linta. Ikiwa ni kama mita 2 na sentimita 10, mlango unakaa bila kugusa kitu juu. Kukiwa na nafasi zaidi, kidirisha umekipata. Ikiwa pungufu, tuzungumze kabla ya mengine yote.

Najua utasema fundi huyu ni mzuri, alikujengea uzio. Sina ubaya naye. Uzio haubebi paa. Na hata fundi mzuri akiwa peke yake kwenye nyumba ya mtu, akakuta jambo asilolitarajia, ataamua mwenyewe, na ataamua litakalommalizia kazi. Mimi nilikuwa mwenye nyumba na niliamua hivyo hivyo.

Kama unaona aibu kumwambia angoje, nipe namba yake nimwambie mimi, nitamwambia kwa heshima. Au mpe kazi nyingine ndani ya hizo wiki tatu: achimbe na kushindilia mahali pa kibaraza, atengeneze fremu ya 90, apake mbao dawa. Pesa uliyompa haitapotea. Nikiweza nitakuja nikae pale siku ya kukata, nisimame tu, sitamwingilia mtu.

Mama yako anauliza kama koti zito umeshalipakia. Anasema pia yale mashuka uliyoacha hapa ameyafua na kuyakunja, dada yako atakuletea Jumamosi. Paka amezaa tena, wanne, wamo ndani ya lile kabati, na kwa sasa hatuwezi kulirudisha mahali pake.

Nakusubiri unitumie vipimo viwili kabla ya Jumapili: urefu mpaka chini ya linta, na urefu wa ule ufa. Ufa uweke alama kwa penseli mahali unapoishia, uandike na tarehe.

Baba yako