Istilahi za fasihi ya Kiingereza zianzie kwenye Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua katika kazi yangu ya kufundisha Kiingereza hapa Mwanza. Wanafunzi wetu wa sekondari hukaririshwa istilahi za fasihi, za ushairi na za kujenga hoja kwa Kiingereza kitupu, kana kwamba ni mambo mageni kabisa kwao, ilhali mengi wanayajua kwa majina ya Kiswahili na huyatumia nyumbani kila siku. Nimewahi kumpata mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyetaja istilahi ishirini pamoja na maana zake bila kukosea, lakini nilipompa shairi fupi hakuweza kunionyesha hata moja.

Siku hiyo nilifunga kitabu, nikawauliza wanafunzi karabai za wavuvi wa dagaa huonekanaje usiku wa giza mtu akiwa nchi kavu. Mmoja akajibu kwamba huonekana kama mji mwingine uliojengwa majini. Nikauliza wavuvi husemaje mawimbi yanapowazuia kutoka, nikajibiwa, "Ziwa limekasirika." Walikuwa wamekwisha kutoa tashibiha (kulinganisha kwa neno "kama") na tashihisi (kukipa kitu sifa za mtu), na tulipoondoa neno "kama" tukasema taa zile ni mji, sitiari nayo ikajitokeza. Baada ya hapo majina ya Kiingereza hayakuhitaji kukaririwa.

Hata hivyo kutafsiri peke yake hakutoshi, na hapa ndipo walimu tunapokosea zaidi. Mwanafunzi aliyezoea mshororo (mstari wa shairi) wenye mizani, yaani silabi, 16: 8 za ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 za utao (nusu ya pili), akiambiwa ahesabu mizani ya soneti (shairi la mistari 14) ya Shakespeare atahesabu silabi, apate 10 katika mistari mingi, kisha adhani amemaliza. Kumbe Kiingereza hupima pia mkazo: silabi hizo 10 hugawanyika katika jozi tano, kila jozi ikiwa na silabi hafifu inayofuatwa na yenye nguvu, ingawa mshairi huruhusiwa kuvunja mpangilio huo mahali fulani. Kwetu mkazo hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kwa hiyo sikio letu halina sababu ya kuufuatilia, na mwalimu asipousoma mstari kwa sauti huku akipiga meza, hakuna maelezo ubaoni yatakayosaidia.

Vina, yaani sauti zinazolingana mwishoni mwa vipande vya mistari, navyo vina tofauti yake. Kwetu "ziwani" na "jioni" hutosha kuwa na kina cha "ni", lakini Kiingereza hudai sauti zilingane kuanzia irabu yenye mkazo hadi mwisho wa neno, na kwa sababu hiyo mwanafunzi huona vina mahali ambapo Mwingereza hasikii chochote.

Upande wa hoja ndio unaonihuzunisha zaidi, kwa sababu ndio atakaouhitaji hata yule asiyesoma shairi tena maishani. Neno la Kiingereza linalotumika darasani kwa maana ya hoja, "argument", ndilo linalotumika mtaani kwa maana ya ugomvi wa maneno, na wanafunzi wengi huandika insha zao kama watu wanaogombana. Hudai kwamba nyavu zenye matundu madogo zipigwe marufuku, kisha hurudia dai hilo kwa ukali zaidi. Ni lazima waoneshwe kwamba dai huhitaji sababu, kwamba nyavu hizo hunasa samaki wachanga kabla hawajazaa. Kwamba sababu huhitaji ushahidi. Na kwamba pingamizi la mvuvi mwenye watoto wa kulisha hutajwa kwa haki na kujibiwa.

Nawaomba waandishi wa vitabu vya Kiingereza vya sekondari waweke kila istilahi pamoja na mwenzake wa Kiswahili, waeleze wazi pale zinapoachana, na watumie mifano ambayo mtoto wa Ukerewe au Sengerema anaweza kuiona kwa macho yake.

Mwalimu wa Kiingereza,
Nyakato, Mwanza