Asante kwa uliyetusukumia kigari cha kamera

Kaka uliyetusaidia kule Sarajevo, Bosnia, jina lako hatukulipata, lakini asante sana. Tulikuwa wanafunzi wa film.factory, shule ya filamu aliyoianzisha mwongozaji wa Hungaria Béla Tarr mwaka 2013, na kwa mwalimu kama yule, shoti ndefu, yaani inayopigwa mfululizo bila kukata, ndiyo kila kitu. Mkanda wa filamu wa milimita 35 wenye urefu wa mita 300 hukimbia dakika 11 hivi, naye aliutumia karibu wote bila kukata. Shoti ya namna hiyo haifichi mtikisiko hata mdogo. Ulivua viatu ili visisikike, ukakisukuma kigari taratibu, pumzi umeibana, ukimfuata mwigizaji hatua kwa hatua hadi mlangoni. Malipo ukakataa. Popote ulipo, Mungu akuzidishie, kaka yetu.