Labubu ni mnyama gani? Soma kabla hujamtia kwenye mashine ya kufulia

Dada mmoja aliweka mfuko wa plastiki mezani kwetu, akaufungua, akasema, "Nimemwosha tu." Ndani alikuwamo Labubu, au kilichobaki cha Labubu. Manyoya yalikuwa yamejisokota vifundovifundo na ncha zake zimekuwa ngumu. Rangi ya waridi ya shavu moja ilikuwa imefutika, la pili limebaki nayo. Ukimbonyeza tumboni, maji yanachuruzika shingoni. Alikuwa ameingia mashineni pamoja na mataulo, kisha akapigwa draya ya nywele kwa moto wa mwisho. Tulipomuuliza ilikuwaje, alijibu kwa haki kabisa: "Si mwanasesere wa manyoya?"

Wateja wengi hukosea hapohapo. Huyu ni wa manyoya nusu tu. Kwa sisi tunaosafisha na kushona wanasesere, Labubu ni viumbe wawili walioshonwa pamoja, na kinachomfaa mmoja humdhuru mwenzake. Uso, viganja na nyayo ni vinaili, yaani plastiki laini. Mwili, kichwa na masikio ni kitambaa cha manyoya ya nyuzi za plastiki, kilichojazwa pamba ya polista. Wa kwanza anaogopa dawa kali na jua. Wa pili anaogopa joto. Tutarudi hapo, maana ndipo penye kazi yetu. Kwanza tujue ametoka wapi, kwa kuwa nusu ya maswali tunayoulizwa ni ya ukoo.

Mchoraji wake ni Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi. Huko utotoni alizisoma ngano za watu wa Kaskazini ya Ulaya, zenye vibwengo na mazimwi ya misituni, na mwaka 2015 akachora kabila zima la viumbe wa namna hiyo akaliita The Monsters. Labubu ni mmoja wao. Masikio marefu yaliyosimama, macho makubwa, na meno tisa yaliyochongoka. Kwa maelezo ya waliomtengeneza ni jike, tena ana moyo mwema: hupenda kusaidia, ila kila akitia mkono mambo huharibika. Sisi tuliolelewa na hadithi za zimwi mla watu tunamwona mpole mno, lakini kwa meno yale ungemfikiria vingine.

Ukoo wake una watu. Zimomo ndiye mkubwa wao, dume, na alama yake ni mkia. Tycoco ni mifupa mitupu, mpole na mwenye haya. Wateja hutuletea Zimomo wakimwita "Labubu mkubwa", nasi hatubishani sana, ila kwenye risiti tunaandika jina lake.

Miaka ya mwanzo aliishi maisha ya utulivu. Sanamu zake zilitolewa na How2Work ya Hong Kong, zikinunuliwa na wakusanyaji wachache. Mwaka 2019 akahamia kwa Pop Mart, kampuni ya China iliyojengwa juu ya biashara ya maboksi ambayo mnunuzi hajui kilichomo mpaka afungue. Hata hapo hakuvuma mara moja. Mageuzi ya kweli yalikuja Oktoba 2023, alipovishwa manyoya, akapunguzwa mpaka akatosha kiganjani na kufungwa pete ya kumning'iniza kwenye mkoba. Kwa lugha ya wanabiolojia, alipata makazi mapya. Kabatini alionwa na mwenye nyumba peke yake. Mkobani anaonwa na basi zima. Aprili 2024 Lisa, mwimbaji wa kundi la Blackpink la Korea Kusini, akaonekana naye, na kuanzia hapo hakushikika. Mei 2025 Pop Mart ilisimamisha kumuuza kwenye maduka yake ya Uingereza kwa sababu ya vurugu za wanunuzi kwenye foleni. Mwezi uliofuata, mnadani Beijing, mmoja mwenye kimo cha sentimita 131 aliuzwa yuani milioni 1.08. Huyo hatujawahi kuombwa kumwosha, na tukiombwa tutakataa.

Uzazi wake ni wa ajabu kidogo. Huzaliwa ndani ya pakiti ya foili, ndani ya boksi, na matoleo mengi ya kuning'iniza yana sita wa kawaida na mmoja wa siri. Huyo wa siri hutokea mara moja katika maboksi 72. Watu husikia 72 wakadhani wakifungua maboksi 72 watampata tu. Sivyo. Ukiokota boksi moja moja huku na kule, kwa hesabu ya bahati nasibu nafasi ya kumkuta angalau mara moja katika hayo 72 ni kama asilimia 63. Katika kila watu watatu watakaofungua idadi hiyo, mmoja na ushei atarudi mikono mitupu. Si ajabu kwamba mwaka 2023 China ilitoa mwongozo unaokataza kuwauzia maboksi ya namna hii watoto wa chini ya miaka 8.

Kisha kuna mwigaji. Penye kiumbe anayetafutwa hazuki mwenzake wa kufanana naye? Jina alilopewa duniani kote ni Lafufu. Wengine ni wa kuchekesha: meno kumi, jicho moja limepanda juu kuliko jingine, miguu imeshonwa kinyumenyume. Hao hawatuhangaishi. Wanaotuhangaisha ni wale waliotengenezwa vizuri. Tunaanza na meno, yawe tisa. Tunatazama mshono wa shingo na mahali manyoya yanapokutana na uso, kwa kuwa gundi iliyomwagika hapo haijifichi. Tunanusa: vinaili nzuri haina harufu kali ya rangi ya nyumba. Kwenye matoleo mapya, ukimulika unyayo kwa taa ya miale ya urujuani huonekana alama ambayo jicho tupu haliioni. Msimbo wa kuskani kwenye boksi usiuamini peke yake, maana wauza feki wanaunda na tovuti ya kukujibu kwamba ni halisi.

Hatutoi cheti cha uhalisi, tafadhali msituombe. Na hatuoni haya kumwosha Lafufu. Mtoto anayempenda hajali ukoo. Jambo moja tu tunasisitiza. Agosti 2025 tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilionya kwamba hao feki huachia vipande vinavyoweza kumkaba mtoto mdogo. Ukituletea wa mtoto tutavuta macho, viganja na nyayo, na kikilegea kimoja tutakwambia hapohapo. Hata aliye halisi boksi lake limeandikwa miaka 15 na kuendelea, kwa hiyo si wa kumpa mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

Sasa maradhi. Vinaili ya kuchezea hulainishwa kwa kilainishi kilichochanganywa ndani ya plastiki, na kilainishi hicho hakitulii. Joto likizidi, au mwanasesere akifungiwa muda mrefu pasipo hewa, kinapanda juu na uso unaanza kunata. Vumbi linaganda, mwenye mali anadhani ni uchafu, anachukua asetoni ya kuondolea rangi ya kucha. Asetoni inaondoa unato, na mashavu, na midomo, na macho. Kunata kunatibiwa kwa maji vuguvugu na tone la sabuni laini, kwa kijiti cha pamba, taratibu, na pengine kurudia baada ya wiki. Usimwache pia amegandamana miezi na plastiki ngumu. Kilainishi huhamia upande wa pili na kuacha alama. Jua nalo humgeuza njano, na njano hiyo hatuitoi.

Kwa manyoya, usimzamishe majini. Maji yakiingia tumboni hayatoki upesi, na baada ya siku mbili utanusa. Tunatengeneza povu jepesi, tunalipitisha juu ya manyoya kwa mswaki laini kufuata yalivyolala, tunafuta kwa kitambaa chenye unyevu, kisha feni ya hewa baridi. Akishakauka ndipo anachanwa, kuanzia nchani kwenda shinani kama nywele za mtoto. Draya ya moto, pasi na mvuke huyeyusha ncha za nyuzi. Unyoya ukishayeyuka hakuna dawa. Tunaweza kukata vifundo, basi.

Yule wa dada tulimfungua mshono wa mgongoni, tukatoa pamba yote iliyolowa, tukatia mpya. Vifundo tulivipunguza kwa mkasi mdogo kwa muda wa mchana mzima. Shavu hatukulipaka, kwa kuwa uso hatupaki rangi kwa mtu yeyote: rangi yetu haitalingana na ya kiwandani, na mwenye macho ya kununua ataiona kabla hajashika. Akaondoka naye ana shavu moja la waridi.

Ukituletea wako, mlete mkavu. Nguo alizovishwa ziache nyumbani, ila pete na mnyororo wake njoo navyo, kwani mara nyingi mshono unaochanika ni ule wa kichwani vinaposhikizwa, na tukiuona uzito unaouvuta tutajua tushone kwa uzi gani.