Njaa ya likizo

Houston, Texas

Mpendwa rafiki yangu,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na watoto, na kwamba kazi za zahanati hazijakuelemea. Swali lako limenikaa rohoni: inakuwaje mtoto wa Marekani akose chakula, tena mtoto mwenyewe ni mnene? Nimeona nikujibu kwa kirefu kwa kuwa wewe ni muuguzi, na kwa kuwa wengi wa watoto ninaowaona ni wa ndugu zetu waliokimbia vita Kongo, wanaosema Kiswahili nyumbani.

Tangu Rais Harry Truman alipotia saini sheria ya chakula cha shuleni mwaka 1946, mlo huo umekuwa tegemeo la familia nyingi, na siku hizi watoto karibu milioni 30 huupata kila siku ya masomo. Wale wa kipato cha chini wanaweza kula asubuhi na mchana bila malipo. Shule zikifungwa kwa likizo ya kiangazi, kila mtoto wa namna hiyo hupoteza milo 10 kwa wiki, ilhali mshahara wa mzazi hauongezeki hata senti moja. Mama hupunguza kwanza vilivyo ghali, yaani nyama, maziwa, matunda na mboga, kisha hununua vinavyojaza tumbo kwa bei nafuu: mkate mweupe, tambi za kutia maji ya moto, krispi na soda. Mtoto hushiba vibaya leo, kesho akapunguziwa, na kesho kutwa akala kupita kiasi kwa kuhofia kukosa tena. Watafiti waliowapima watoto wa chekechea na darasa la kwanza walikuta kwamba uzito wao huongezeka kwa kasi zaidi wakati wa likizo kuliko wakati wa masomo. Wewe unajua vizuri kuliko mimi kwamba mwili mnene unaweza kupungukiwa na madini ya chuma, na kwamba meno yaliyooza, usingizi wa kukatika na wasiwasi usioisha havionekani kwenye mizani. Ndiyo maana naamini watu wengi hapa huwapita watoto hawa bila kuwaona.

Msaada upo, na sitaki kuubeza. Serikali hugharamia milo ya likizo katika maktaba, makanisa na viwanja vya michezo, ambako mtoto yeyote mwenye umri usiozidi miaka 18 hula bila kudaiwa karatasi yoyote. Shida ni kufika, kwani joto hupita nyuzi 35, barabara haina kivuli na mzazi yuko kazini. Tena mjini kwa kawaida mtoto hutakiwa kula papo hapo. Juzi, katika maktaba ninapojitolea kugawa chakula, mvulana wa miaka kama minane alimaliza mkate wake, kisha nikamwona akisukuma kipakiti cha maziwa ndani ya mkono wa shati. Nilipomkaribia alininong'oneza, "Shangazi, ni ya mdogo wangu, ana homa, hakuweza kutembea." Nilimwacha aende nayo.

Mwaka 2024 ulianza mpango wa kuipa familia dola 120 kwa kila mtoto kwa likizo nzima, zitumike kununulia chakula dukani, na kwa maoni yangu hilo ndilo jibu linalomfikia hata mgonjwa aliyebaki kitandani. Jimbo letu la Texas halikujiunga mwaka huo. Nimesikiliza sababu zilizotolewa, na bado naona uamuzi huo uliwaumiza watoto wasio na kosa.

Nakuomba unisaidie jambo moja. Wazazi hawa huona haya kusema kwamba chakula kimekwisha, hujibu tu, "Tunamshukuru Mungu." Wewe huwauliza vipi akina mama huko Kilifi, hasa shule zinapofungwa Agosti, hata wakakuambia ukweli? Niandikie maneno yenyewe unayoyatumia, kwa kuwa wiki ijayo nitakaa tena na mama wa yule mvulana.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.